Mashauri ya Jamaa: Motokari Itokayo Ng'ambo



Mwalimu mmoja wa Likasi ametuandikia barua ndefu. Yeye na jamaa wenzake wawili wameweka fedha katika likelemba muda wa miaka mitatu, nao wataka kununua motokari iliyokwisha kutumika huko Japani, ipate kuwapeleka watoto shuleni na kuchukua mihogo ya shamba hata sokoni. Wameiona picha yake katika simu. Chini ya picha pana bei, na kando ya bei pana herufi tatu, CIF, kisha jina la Dar es Salaam. Mwalimu auliza: "Fedha yetu yatosha bei hii kamili. Je, tuitume?"

Twamjibu: Msiitume bado. Jamaa wengi wa Katanga wamefika hapo, wakafurahi, kisha motokari yao ikalala bandarini huku deni likikua kila siku. Sababu ni kwamba hawakuelewa zile herufi tatu. Maana yake ni hii: muuzaji amehesabu pamoja bei ya motokari, bima ya safari ya bahari, na nauli ya meli mpaka bandari iliyotajwa. Kazi yake yaishia hapo. Na kutoka Dar es Salaam hata Lubumbashi ni mwendo wa karibu kilometa 2000, kupita Mbeya, mpaka wa Tunduma, nchi ya Zambia, ndipo Kasumbalesa. Ukiona herufi FOB badala ya CIF, jua kwamba hata nauli ya meli haimo.

Basi fedha nyingine yahitajiwa: malipo ya bandari, malipo ya wakala, gharama ya kupitisha motokari katika nchi mbili ambazo si mwisho wa safari yake, na gharama ya njia. Kule Kasumbalesa wangoja watu wa duane, yaani DGDA, na wale wa OCC wachunguzao bidhaa ziingiazo. Tena tambueni neno hili: ushuru wa Kongo hauhesabiwi juu ya bei ya motokari peke yake. Huhesabiwa juu ya bei pamoja na nauli na bima. Kisha kodi ya TVA, iliyo asilimia 16, huhesabiwa juu ya thamani ile na ushuru wake. Kodi yapanda juu ya mgongo wa kodi. Baada ya hayo bado kuna vibao vya namba na hati ya barabara.

Kabla ya kutuma hata senti moja, mwalimu na wenzake waende kwa mawakala wawili wa duane, si mmoja, wakiwa na jina la motokari, mwaka wake na ukubwa wa injini. Kila wakala aandike hesabu yake katika karatasi, nao wazilinganishe. Waulize papo hapo pia kama sheria ya leo yaruhusu motokari ya umri ule kuingia, kwa kuwa sheria hizo hubadilishwa, na jirani aliyeingiza yake miaka mitano iliyopita si shahidi wa kutosha.

Wengine hudhani kwamba bei ndogo ya Japani ni hila. Si lazima iwe hivyo. Huko motokari mpya huchunguzwa kwa amri ya serikali ikitimiza miaka 3, kisha kila miaka 2, na uchunguzi huo pamoja na kodi zake wagharimu sana. Mwenye motokari aona afadhali kuiuza kuliko kuilipia tena. Hivyo nyingi hupelekwa mnadani, na mchunguzi wa mnada huandika karatasi yenye hesabu ya kilometa, alama za mikwaruzo na daraja. Herufi R katika karatasi hiyo kwa kawaida ni kusema kwamba motokari iligongwa kwa nguvu, ikatengenezwa. Mwombeni muuzaji karatasi ya mnada. Akikataa, mwacheni, wako wengine. Namba iliyochongwa katika mwili wa motokari iwe ile ile katika picha, katika karatasi ya mnada na katika hati ya kuiuza. Na fedha ipelekwe kwenye hesabu ya benki yenye jina la kampani. Muuzaji asemaye, "Nitumie kwa jina la shemeji yangu," huyo hana motokari.

Sasa bima. Watu huona neno bima ndani ya CIF, wakatulia. Lakini desturi ya biashara ya dunia, iliyoandikwa upya mwaka 2020, yamdai muuzaji wa CIF alipe bima ndogo kabisa tu. Bima ile hulipa meli ikizama, ikiungua, ikipanda mwamba. Hailipi redio iliyoibwa, wala kioo kilichovunjwa, wala betri iliyobadilishwa. Atakaye kulindwa juu ya wizi sharti aombe bima kubwa, na ailipie.

Meli kuzama si hadithi. Mwezi wa Machi 2019 meli Grande America iliungua mbele ya pwani ya Ufaransa, ikazama pamoja na motokari karibu 2000. Mwaka 2022 meli Felicity Ace ilishika moto karibu na visiwa vya Azores, ikazama na motokari karibu 4000. Tena pana sheria ya bahari ya zamani sana ambayo wachache kwetu wameisikia. Nahodha akilazimika kutupa mizigo ya watu fulani ili kuokoa meli na mizigo iliyobaki, hasara yagawanywa kwa wote. Hata wewe ambaye motokari yako imefika salama waweza kuambiwa: Lipa fungu lako, ndipo uichukue. Kanuni zake zaitwa kwa majina ya miji miwili zilikotengenezwa, York mwaka 1864 na Antwerp mwaka 1877, nazo zatumika hata leo. Mwenye bima hulipiwa fungu hilo na bima yake. Asiye na bima hulipa mwenyewe, au huacha motokari bandarini. Nionavyo mimi, hii peke yake ni sababu ya kutosha ya kutokubana fedha ya bima.

Hati ya shehena, itolewayo na wenye meli, ndiyo ufunguo wa motokari huko bandarini. Jina lililomo liwe sawasawa na lile la kitambulisho cha mpokeaji, herufi kwa herufi. Kosa la herufi moja laweza kuleta majuma mawili ya kungoja, na bandari huhesabu siku. Siku za kwanza ni za bure. Zikipita, kila siku yadai malipo yake. Kwa hiyo mpeni wakala hati zote meli ikiwa bado baharini.

Kwa wale walio na ndugu Ubelgiji, ambao motokari zao hutoka Antwerp na kushuka Matadi, twaongeza neno moja tu. Ndugu hupenda kuijaza motokari masufuria, magodoro na viatu vya watoto. Wenye meli wengi hukataa jambo hilo, na bima ya motokari haivilindi vitu hivyo. Furushi lionekanalo kupitia kioo humwita mwizi.

Turudi Dar es Salaam. Hapo pana njia mbili. Ya kwanza ni kuipandisha motokari juu ya kamio kubwa ichukuayo motokari kadhaa pamoja. Ya pili ni kumwajiri dereva aiendeshe mwenyewe hata mpakani. Ya pili ni rahisi kwa bei, nayo hupendwa. Lakini fikirini: motokari imekaa majuma mengi bila kuwaka, mipira yake imelala upande mmoja, oili yake haijulikani ni ya lini, kisha mtu asiye mwenyewe aishika kwa kilometa 2000 na kukimbiza saa zake. Jeki na gurudumu la akiba hupotea njiani, na hakuna ajuaye palipopotelea. Mwenye uwezo alipie kamio. Asiye na uwezo amwambie dereva kwa maandishi: oili na maji vipimwe kabla ya kuondoka bandarini na kila asubuhi njiani, naye atoe picha ya saa ya kilometa, ya mipira yote mitano na ya betri, siku ya kupokea na siku ya kutoa.

Motokari ikifika Lubumbashi, watu hupiga picha, na jirani huja kuomba wapelekwe harusini. Ngojeni kidogo. Katika hesabu yenu mwe mmeweka fungu la garaji, nalo lisiguswe kwa duane wala kwa karamu. Fundi abadilishe oili na chujio lake, kwa kuwa hakuna ajuaye tarehe ya ile ya zamani. Abadilishe chujio cha hewa. Aulizwe kama injini hiyo yaendeshwa kwa mkanda wa ndani au kwa mnyororo. Mkanda wa namna hiyo, katika motokari nyingi za Japani, wataka kubadilishwa karibu na kilometa 100,000. Ukikatika, katika injini nyingi huvunja vali, na bei ya kutengeneza yaweza kushinda bei ya kununua injini nyingine. Mafuta ya breki nayo yabadilishwe, kisha kila miaka 2. Hunywa unyevu wa hewa polepole. Yakiwa mapya, yale ya namna ya DOT 4 hayachemki kabla ya joto la digrii 230. Yakisha kunywa maji yaweza kuchemka kwa digrii 155 tu, na breki ikichemka mguu wazama mpaka chini bila motokari kusimama.

Mipira yataka maneno yake. Motokari zitokazo kaskazini ya Japani huja mara nyingine na mipira ya theluji. Yapendeza macho, yaonekana mipya, lakini mpira wake ni laini. Katika joto letu walika upesi, na kusimama kwake katika lami ni kubaya. Msikubali kuambiwa na muuza mpira kwamba mpira ung'aao ni mpya. Mtoto wa shule atausoma: ubavuni, baada ya herufi DOT, mwishoni pana tarakimu nne. Mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka. 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Mpira wa miaka kumi, hata ukiwa haujatembea, msiufunge.

Jambo lingine halisemwi na wauzaji, nalo lahusu roho za watu. Japani, Tanzania na Zambia huendesha upande wa kushoto. Kongo huendesha kuume. Motokari ya Japani ina usukani kuume. Mwenye usukani huo, akiwa nyuma ya kamio katika barabara ya Likasi, haoni mbele mpaka mwili mzima wa motokari umetoka nje. Basi asikaribie kamio. Akae nyuma mbali, ambapo macho yake hupita kando. Na asimwachie abiria wa kushoto kazi ya kusema "Pita!" Taa nazo zimetengenezwa kutupa mwanga wake mwingi ukingoni mwa kushoto, yaani, kwetu sisi, machoni mwa yule ajaye. Hata ukizishusha zampofusha. Taa za upande wetu zapatikana kwa motokari nyingi. Zikikosekana, fundi aziinamishe. Nimeona watu watoao fedha kwanza kwa redio, kwa sababu redio nyingi za zamani za Japani husikia mawimbi ya 76 hadi 90 tu na kuzikosa stesheni zetu nyingi. Watengeneze taa kwanza.

Baada ya hapo, matunzo ni ya kila juma na si kazi ya fundi. Mtu mmoja wa nyumbani, kijana wa sekondari yafaa sana, apewe daftari. Siku ya Jumamosi asubuhi, injini ikiwa baridi na motokari mahali sawa, achomoe kijiti cha oili, akipanguse, akirudishe, akichomoe tena na kusoma. Atazame maji katika chupa yake, wala asifungue kamwe kifuniko cha rejeta yenye joto, maana mvuke wake huchoma uso. Maji ya mtoni hufanya kutu. Watie maji ya rangi yauzwayo kwa kazi hiyo. Aandike kilometa. Kwa vumbi jekundu la kiangazi chetu, kuanzia Mei hata Septemba, oili ibadilishwe kila kilometa 5000, na chujio cha hewa kitazamwe kila mwezi. Unga mweupe juu ya betri usafishwe. Akifungua waya, aanze na ule wa alama ya kutoa.

Mwisho mwalimu auliza: ya petroli au ya mazuti? Kwa safari fupi za shule na soko, ya petroli. Motokari za mazuti za miaka hii zina chujio la moshi ambalo huziba kama injini haipati mwendo mrefu wa kulisafisha, na sindano zake ni nyembamba mno. Mazuti ya pipa yenye maji na mchanga huziharibu. Mkiipata ya petroli yenye injini ndogo, ombeni karatasi yake ya mnada leo, nayo mwende nayo kwa mawakala wale wawili.