Viumbe vya Dunia: Kipepeo wa Siku ya Marehemu



Kando ya mashamba yetu, pale yanapoota magugu yenye utomvu mweupe, mara nyingi huonekana kipepeo wa rangi ya machungwa, mwenye ukingo mweusi na madoa meupe kwenye ncha za mabawa. Watoto humkimbiza, wakubwa hawamwangalii. Naye hana haraka: huruka polepole kama mwenye mji atembeaye uani kwake, kwa sababu ndege wamjua na hawamtaki. Kipepeo wetu huyo anao ndugu mbali sana, katika bara la Amerika, ambaye Wazungu walimpa jina la Mfalme. Leo tutaeleza habari za ndugu huyo, kwa kuwa safari yake yashangaza kila aisikiaye, tena kwa kuwa wako wakulima wa milimani ambao maisha yao yamefungamana na maisha yake.

Malezi yake

Kipepeo jike hutaga mayai juu ya majani ya mmea wenye utomvu kama maziwa, wala hatagi penginepo. Kiwavi akitoka katika yai hula majani hayo tu. Utomvu ule una sumu, lakini kiwavi hadhuriki nayo. Huiweka mwilini mwake, nayo hubaki hata akiisha kuwa kipepeo. Ndege akimla mara moja hutapika, na tangu siku hiyo akiiona rangi ile hupita mbali. Ndivyo ilivyo pia kwa huyu wa kwetu. Basi rangi yake nzuri ni kama tangazo lililobandikwa mlangoni: mwenye nyumba haliwi.

Safari

Mabawa ya Mfalme yakikunjuliwa yapata sentimita 10 toka ncha hata ncha, na uzito wake wapata nusu grama tu. Wakati wa joto wengi wao hukaa kusini mwa Kanada na katika Marekani, upande wa mashariki wa milima ya Rocky. Huko huishi majuma mawili hata sita, hutaga mayai, hufa. Wana wao hufanya vivyo hivyo, na wajukuu vivyo hivyo. Lakini mwishoni mwa Agosti na katika Septemba, siku zinapofupika na usiku unapoanza kuwa wa baridi, huzaliwa kizazi cha namna nyingine. Hawa hawatagi mayai upesi. Hunywa maji matamu ya maua, hujaza mafuta mwilini, kisha huelekea kusini. Nao huweza kuishi miezi minane, hata tisa.

Husafiri mchana tu. Usiku hulala mitini kwa makundi. Hupandishwa na hewa ya moto kama tai, wasije wakachoka bure, na siku njema huenda zaidi ya kilomita 100. Dira yao ni jua. Lakini jua halikai mahali pamoja toka asubuhi hata jioni. Kwa hiyo wataalamu wamechunguza, wakaona ya kuwa katika papasi za kichwani mwao mna kitu kama saa, kinachowajulisha jua lapaswa kuwa wapi wakati ule. Wengine hutoka umbali wa zaidi ya kilomita 4,000.

Na tukumbuke: hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kufika waendako. Aliyetoka huko mwezi wa Machi alikuwa babu au babu wa baba yake, naye amekwisha kufa. Mtoto wa mtu akitumwa kijiji cha pili huuliza njia mara tatu. Hawa hawana wa kumwuliza, nao hufika.

Mahali wafikapo ni milima michache ya Meksiko, mpakani mwa majimbo mawili, Michoacán na jimbo liitwalo Meksiko kama nchi yenyewe, meta 3,000 hivi juu ya usawa wa bahari. Huko kuna miti mirefu ya jamii ya misonobari, ambayo wenyeji huiita oyameli. Vipepeo hujishika mitini kwa mamilioni hata gome halionekani, na matawi huinama kwa uzito wao. Asubuhi ya baridi wametulia, ungewadhania majani makavu. Jua likiwapiga hufunua mabawa, na mti mzima waonekana kama umeshika moto. Kisha huruka pamoja, na sauti ya mabawa yao husikika kama mvua nyepesi. Hukaa hapo mpaka mwezi wa Machi, wakiishi kwa mafuta waliyoyaweka mwilini. Kisha hurudi kaskazini, hutaga mayai njiani, hufa, na wana wao huendelea na safari.

Wenyeji na marehemu wao

Katika milima hiyo hukaa Wamazahua na Waotomi, pamoja na watu wengine wenye damu ya mchanganyiko. Na katika jimbo hilo la Michoacán wako pia Wapurépecha. Ni wakulima wa mahindi. Vipepeo hufika mwisho wa Oktoba na mwanzo wa Novemba, wakati wa kuvuna mahindi, na kwa sababu hiyo wenyeji wengine waliwaita wavunaji. Lakini kuna jambo lililo kubwa kuliko mavuno. Tarehe 1 Novemba ni sikukuu ya Watakatifu Wote, na tarehe 2 ni siku ya kuwaombea marehemu wote. Ndizo siku hizo hizo vipepeo waanzapo kuonekana juu ya paa za nyumba. Basi wazee wakasimulia, na wajukuu wakapokea, ya kuwa vipepeo hao ni roho za marehemu zinazokuja kuwatembelea watu wao.

Kabla Wahispania hawajafika katika karne ya 16, watu wa nchi hiyo walikuwa na desturi zao za kuwakumbuka wafu. Mapadre walipoleta kalenda ya Kanisa, mambo hayo mawili yalikutana, na mpaka leo yanakwenda pamoja. Kila jamaa hutengeneza altare nyumbani: picha za marehemu, mishumaa, mkate, maji, chakula alichokipenda aliyekufa, na maua ya manjano makali yaitwayo cempasúchil. Kisha watu huenda makaburini, hufagia, hupamba, husali, na wengine hukesha usiku kucha.

Mkristo hasadiki ya kuwa roho ya mtu hugeuka mdudu. Lakini tusiwe wepesi wa kucheka. Mama aliyefiwa na mtoto, akimwona kipepeo wa kwanza mlangoni pake mwanzo wa Novemba, hataki kubishana na mwalimu wa dini. Asema moyoni mwake kwamba mtoto wake hajasahauliwa. Sisi nasi tunaong'oa majani juu ya makaburi ya wazee wetu mwezi huo huo, twalijua neno hilo.

Wageni walivyofika

Watu wa kaskazini waliwaona vipepeo wakiondoka kila mwaka, wasijue waendako. Profesa mmoja wa Kanada, Fred Urquhart, pamoja na mkewe Norah, walitafuta jibu kwa miaka karibu 40. Walibandika vikaratasi vidogo vyenye namba juu ya mabawa, wakawaomba watu wa kila mahali wafanye vivyo hivyo na kuleta habari. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Norah aliandika katika magazeti ya Meksiko kuomba wasaidizi. Akajibu Ken Brugger, Mmarekani aliyekaa huko, akaanza kutafuta pamoja na Catalina Aguado, binti mzaliwa wa Michoacán. Macho ya Brugger hayakuweza kutofautisha rangi. Lakini Catalina aliijua nchi na lugha. Januari 1975, juu ya mlima uitwao Cerro Pelón, wakawakuta.

Mwaka uliofuata profesa mwenyewe, akiwa mzee, alipanda mlima. Alipokuwa ameketi kupumzika, tawi lilivunjika kwa uzito wa vipepeo, likaanguka. Kati ya wale walioanguka aliona mmoja mwenye kikaratasi bawani. Kilikuwa kimebandikwa Agosti 1975 katika Minnesota, Marekani, na mwalimu mmoja na wanafunzi wake wawili. Wanafunzi, sikieni: kazi ndogo ya watoto wawili wa shule ndiyo iliyothibitisha jambo ambalo mtaalamu alikuwa amelitafuta tangu ujana wake.

Magazeti ya dunia yakaandika kwamba siri imefunuliwa. Lakini kwa wakulima wa mlimani haikuwa siri hata kidogo. Babu zao walikuwa wakiwaona vipepeo hao kila mwaka. Hakuna aliyekuwa amewauliza.

Msitu ni wa nani?

Hapo ndipo yalipoanza matata. Baada ya mapinduzi ya Meksiko, mashamba na misitu mingi iligawiwa vijiji kuwa ardhi ya pamoja, nayo huitwa ejido. Msitu wa oyameli ulikuwa mali ya watu hao: mbao za kuuza, kuni za kupikia, ada za shule za watoto. Mwaka 1986 serikali ilitenga hekta 16,110 kuwa hifadhi, na mwaka 2000 ikaziongeza zikawa 56,259. Mwaka 2008 UNESCO ikaiandika hifadhi hiyo katika urithi wa dunia. Yote hayo yalisemwa kwa maneno mazuri. Lakini mwanakijiji aliyelala akiwa mwenye msitu aliamka akaambiwa asiukate. Atakula nini? Wengine walikasirika, na mashoka hayakulala. Wakaja pia wezi wa mbao, wenye magari na silaha.

Tangu mwaka 2000 kuna mfuko wa kuwalipa wanavijiji wanaoacha miti isimame. Vijiji vingine, kama El Rosario, vimepata kazi kwa wageni waendao kutazama vipepeo toka Novemba hata Machi: wenyeji huwaongoza njia, hukodisha farasi, huuza chakula. Fedha hiyo si nyingi wala haifiki kila mlango, lakini imewafanya watu wengi waulinde msitu wenyewe, kwa zamu, usiku na mchana.

Mmoja wao aliitwa Homero Gómez González. Alizaliwa katika ukoo wa wakata miti, naye mwenyewe alikata miti. Hapo kwanza aliogopa, kama wenzake, kwamba kuacha shoka ni kuchagua njaa. Baadaye aligeuka, akawa kiongozi wa El Rosario, akaongoza upandaji wa miti na ulinzi wa msitu, akawaonyesha watu wa dunia nzima vipepeo wakimzunguka. Tarehe 13 Januari 2020 alitoweka. Tarehe 29 mwili wake ulionekana ndani ya shimo la maji. Madaktari walikuta amekufa maji, tena ana jeraha la kichwani. Siku chache baadaye, Raúl Hernández Romero, aliyekuwa akiwaongoza wageni katika hifadhi hiyo, naye alionekana amekufa, mwili wake una majeraha. Katika nchi ya watu wanaowakumbuka marehemu wao kwa kuja kwa vipepeo, sasa wako marehemu waliowalinda vipepeo hao.

Hesabu

Vipepeo hawawezi kuhesabiwa mmoja mmoja. Hupimwa ukubwa wa msitu walioufunika. Katika majira ya baridi ya 1996 na 1997 walifunika zaidi ya hekta 18. Katika yale ya 2013 na 2014 walifunika hekta 0.67 tu, yaani kama uwanja mmoja wa mpira. Mwaka 2023 na 2024 ilikuwa hekta 0.90, na mwaka uliofuata 1.79. Waongezeka kidogo, wapungua tena.

Sababu ni kadha wa kadha. Katika mashamba makubwa ya mahindi na soya ya Marekani, dawa za kuua magugu zimeuangamiza mmea ule wenye maziwa, na bila huo hakuna kiwavi. Hali ya hewa nayo imevurugika, mara ukame njiani, mara dhoruba. Na msitu ukitobolewa, baridi huingia. Miti iliyosongamana huzuia mvua na kuhifadhi joto la usiku. Kipepeo aliyelowa hugandishwa na baridi upesi kuliko aliye mkavu. Januari 2002 mvua na baridi kali vilikuja pamoja, wakafa mamilioni na mamilioni, wakalala chini ya miti kama majani.

Basi tazameni jinsi mambo yanavyoshikana. Mkulima wa Kanada akiacha magugu machache mpakani mwa shamba, na wa Marekani akipunguza dawa, lakini Mmazahua akakosa chakula na kuukata mti wake, kazi ya wale wawili ni bure. Na Mmazahua akiulinda mti kwa njaa yake, ilhali wale wamemaliza magugu, analinda msitu mtupu. Watu hao watatu hawajuani, hata kwa lugha hawasikilizani, lakini wote wamepewa kulea mtoto mmoja. Yapasa mzigo ugawanywe kwa haki, wala asibebeshwe peke yake yule aliye maskini kuliko wote.

Siku utakapomwona kipepeo wetu wa machungwa akipita polepole juu ya magugu, waambie watoto wasimkamate. Waeleze habari za ndugu yake. Na Novemba ikifika, mnapokwenda makaburini, wakumbukeni pia katika sala wale waliokufa kwa ajili ya msitu.

Maswali kwa wanafunzi

1. Kwa nini ndege hawamli kipepeo Mfalme?
2. Kipepeo aendaye Meksiko atofautianaje na wazazi wake?
3. Kwa nini wanakijiji walikasirika hifadhi ilipotengwa? Wewe ungaliamuaje shauri lao?