Watoto wetu na majina ya matajiri

Bazazi wengi ku kambi wanatulalamikia: batoto ni amapiano na ndombolo tu, asubuhi mpaka mangaribi. Lakini nani aliwafundisha? Siku ya mushahara siye wenyewe tunawekaka rumba kwa nguvu, na ndani yake mwimbaji anatupa libanga, jina la tajiri aliyelipa, tena na tena. Libanga kwa Lingala ni jiwe. Siye tunachimba mawe, wao wanatupiwa yao mu wimbo! Mtoto wa miaka sita anajua majina yale yote. Muulize baba yake anafanya nini mu shimo, ananyamaza. Hiyo njo inatuuma, si ndombolo.

Mwaka 1952 Mwenda Jean Bosco alirekodiwa hapa Likasi, wakati ule Jadotville, gitaa moja na Kiswahili chetu. Batoto wasikie ile pia, bila kunyanganywa telefone. Na tuwaelezee kazi yetu.

Kwa kelele, ile ni mambo ingine. Mwenye kutoka posti ya usiku akikosa usingizi, kesho anahatarisha wenzake. Majirani, tunawaomba: kuanzia saa mbili ya asubuhi mpaka saa nane, sauti chini.