Tunahesabu Magurudumu ya Kifaru

Nianze kwa kukiri kosa. Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa bado mgeni kwenye chumba cha habari, niliandika uhakiki wa filamu ya Saving Private Ryan, na zaidi ya nusu yake ilihusu magurudumu. Magurudumu, jamani! Nilikuwa nimegundua kwamba vile vifaru viwili vya Tiger vinavyotokea mwishoni si Tiger hata kidogo. Ni T-34 za Kirusi zilizovishwa mabati. Tiger halisi magurudumu yake yamepandana kama magamba ya samaki. Hizi zina magurudumu makubwa matano kila upande, yamejipanga mstari mmoja. Nikaandika hivyo, nikajiona mtaalamu. Kuhusu watu wanaokufa pale darajani, sikumbuki kama niliandika aya moja.

Leo nikisoma uhakiki wetu mwingi wa filamu za vita, namwona yule yule mimi wa zamani. Bunduki hii feki, ndege ile feki, helmeti hii ya mwaka mwingine. Kisha nyota mbili, kazi imekwisha. Nasema wazi, najua nitawaudhi wengine: mchezo huu umeshakuwa njia ya kukwepa kuhakiki.

Sikatai, mchezo wenyewe ni mtamu. Nani asicheke akijua kwamba katika filamu ya Patton ya 1970 vifaru vya Wajerumani ni vya jeshi la Hispania, tena vifaru vya Kimarekani vilivyopewa jina la Patton mwenyewe? Jenerali anapigana na jina lake. Au chukua Battle of Britain ya 1969. Zile Messerschmitt zinazoangushwa juu ya Uingereza ni Buchón zilizotengenezwa Hispania, na ndani yake mna injini ya Rolls-Royce Merlin, ukoo ule ule wa injini ulioziendesha Spitfire zinazozifukuza. Angalia pua tu: Buchón ina kidevu kikubwa ambacho Messerschmitt ya vita ile haikuwa nacho. Ukishajua, huwezi tena kuacha kukiona, na hapo ndipo balaa linapoanza.

Wapenzi wa fasihi mna hoja yenu, na ni nzuri: silaha ndani ya filamu ni kama neno ndani ya shairi, ukiweka lisilo lake umeharibu. Haya. Lakini ni lini neno limekuwa sahihi kwa sababu tu limo kwenye kamusi? Battle of the Bulge ya 1965 inasemwa kila siku kwa sababu ya vifaru vyake, M47 zikijifanya King Tiger. Mimi naona kosa hilo ni dogo. Vita vile vilipiganwa kwenye misitu ya Ardennes, kwenye theluji, watu wakiganda miguu. Filamu inamalizia kwenye uwanda mkavu wa Hispania, vumbi likitimka. Hata wangetafuta King Tiger halisi wakaileta pale, bado wangekuwa wameondoa baridi, na baridi ndiyo ilikuwa nusu ya adui.

Sasa geuza upande wa pili. Katika Lord of War ya 2005, mwongozaji Andrew Niccol alieleza kwamba alinunua bunduki halisi zipatazo 3,000 kwa sababu zilikuwa rahisi kuliko za bandia. Nazo hazikuwa Kalashnikov, ni vz. 58 za Kicheki, zinafanana kwa sura tu. Mjuzi wa silaha ataandika kosa. Mimi naona hakuna mazungumzo ndani ya filamu ile yanayosema juu ya biashara ya silaha kwa ukali kuliko risiti hiyo.

Na uhalisia wenyewe una bei. Oktoba 2021 huko New Mexico, mpiga picha Halyna Hutchins aliuawa kwa risasi ya kweli wakati wa maandalizi ya filamu ya Rust. Bunduki ilifanya kazi. Eti tuendelee kudai vitu halisi?

Lakini mfano unaoniuma uko kwetu. The African Queen, 1951, John Huston, kutoka riwaya ya C. S. Forester. Manowari ya Kijerumani inayoitwa Louisa iliigizwa na tagi ya Ziwa Victoria, jina lake Buganda. Iliyompa mwandishi wazo la meli hiyo ni Graf von Götzen, iliyofunguliwa vipande vipande Ujerumani, ikasafirishwa kwa masanduku 5,000 kupitia Dar es Salaam hadi Kigoma. Wajerumani waliizamisha wenyewe 1916, Waingereza wakaiibua 1924, na tangu 1927 inaitwa Liemba. Yaani mwaka ile tagi inaigiza, meli halisi ilikuwapo Ziwa Tanganyika. Mjuzi wa silaha hapa anaruka kwa furaha.

Mwache aruke, halafu mwambie hili: kabla Götzen haijazamishwa, mizinga yake mingi ilikuwa imeng'olewa kupelekwa nchi kavu, na mahali pake ikawekwa ya mbao. Kwenye vita vya kweli, mzinga wa bandia uliwatisha maadui wa kweli. Sasa filamu "halisi" iweke upi, wa chuma au wa mti?

Mwanzoni mwa filamu hiyo askari wanachoma kijiji na kuwaswaga wanakijiji. Baada ya hapo filamu inashuka mtoni na wazungu wawili na haiwakumbuki tena. Vita ile iliua makumi ya maelfu ya wapagazi, njaa na maradhi yakiwamaliza kuliko risasi. Kariakoo yetu imebeba jina la kikosi chao, Carrier Corps, na sisi tunaenda pale kununua vitenge.

Juzi niliitazama tena nikiwa na rafiki yangu, mtu wa Kigoma. Louisa ilipotokea tu akadakia, "Kaka, hiyo siyo Liemba." Kweli, siyo. Tukasimamisha picha, tukabishana juu ya bomba la moshi karibu nusu saa. Wale watu walioswagwa walipelekwa wapi, hakuuliza. Nami nimeiona filamu hiyo mara tatu.