Tuwalilie, Lakini Tuwalipe

Manu Dibango, mpulizaji saksafoni mashuhuri wa Kameruni, alifariki dunia nchini Ufaransa tarehe 24 Machi, 2020, kwa maradhi ya Korona. Alizikwa faraghani; wapenzi wake waliomboleza majumbani, wasiweze kumsindikiza.

Kilio chao ni cha haki. Lakini tusisahau kwamba maneno ya wimbo wake wa mwaka 1972, "Soul Makossa", yalipoingizwa katika wimbo wa Michael Jackson mwaka 1982, Dibango alilazimika kudai haki yake kisheria. Dini imetufunza kwamba ujira hulipwa kabla jasho halijakauka. Kutumia jasho la msanii bila ya kumlipa ni unyonyaji.

Basi tuwalilie wanamuziki wetu wafapo, lakini haki yao tuwape wangali hai.