Mwanafasihi na Biashara ya Kijamii: Tusione Haya Kuandikia Majiko

Nilipokuwa katika mwaka wa kwanza wa shahada ya uzamili, mwenzangu mmoja tuliyesoma naye shahada ya kwanza alinipigia simu kunijulia hali. Nilipomweleza kuwa siku tatu za juma nilikuwa nikifanya kazi katika kampuni ndogo ya matangazo jijini Nairobi, alicheka, kisha akaniuliza: "Yaani umesoma tashbihi na takriri miaka minne ili ukauze majiko?" Nilicheka naye, ila swali lake lilinichoma. Makala haya ni jibu langu kwake, na kwa kila mwanachama wa chama chetu anayeamini kuwa mwanafunzi wa Kiswahili ana njia mbili tu maishani: chaki au kipaza sauti.

Kwanza tuelewane kuhusu istilahi. Biashara ya kijamii huuza bidhaa au huduma kama biashara nyingine yoyote, lakini huanzishwa kwa nia ya kutatua tatizo la jamii, na faida yake, yote au sehemu kubwa, hurudishwa katika kazi hiyo. Mfano unaotajwa mara nyingi ni Benki ya Grameen ya nchini Bangladesh, iliyotunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2006 pamoja na mwasisi wake, Muhammad Yunus, kwa kazi ya kuwakopesha maskini, hasa wanawake. Humu nchini wamo wauzaji wa majiko yanayookoa makaa, wauzaji wa taa za sola na vikundi vya wafugaji wa nyuki. Kampuni niliyoifanyia kazi ilikuwa na watu watano, meza tatu na birika moja la chai, na iliwatangazia bidhaa watu wa aina hiyo pekee.

Katika ofisi ndogo hakuna anayesema, "Hiyo si kazi yangu." Asubuhi niliandika tangazo la redio, adhuhuri nikabeba kamera, jioni nikapokea simu ya mteja mwenye malalamiko. Nilijifunza kukadiria gharama, kuandika kwa muda mfupi, na kukubali kazi yangu ikatwe nusu bila kununa. Hata hivyo, funzo kubwa zaidi nililipata Kwale, mbele ya akina mama wapatao kumi na wawili waliokuwa wameketi chini ya mwembe.

Tulikuwa tumeandikia kijikaratasi cha kutangaza jiko la kuokoa makaa. Nami, kwa kutaka kuonyesha elimu yangu, nilikuwa nimeandika kuhusu "ufanisi wa nishati ya tungamotaka" na "upunguzaji wa hewa ukaa." Sarufi ilikuwa safi. Ningaliuwasilisha ukurasa ule katika semina ya istilahi, huenda ningalipongezwa. Nikausoma kwa sauti, nikanyamaza kusubiri maoni. Kimya. Kisha mama mmoja wa makamo akasema kwa upole, "Mwanangu, maneno yako ni mazuri. Lakini debe langu la makaa litanifikisha siku ngapi?"

Sikuwa na jibu. Mwenye majiko naye hakuwa nalo. Alikuwa na takwimu za maabara, lakini hakuwahi kulifuatilia jiko hilo jikoni mwa mtu. Kiongozi wetu akaamua majiko matatu yabaki pale kwa majaribio. Tuliporudi, majibu yalitofautiana, kwani nyumba inayochemsha maharagwe kila siku haiwi sawa na ile inayopika chai na ugali. Makaa yalidumu zaidi kote, lakini si kwa kiasi kimoja. Mwenye majiko alitaka tuchapishe idadi ya siku iliyo kubwa kuliko zote. Kiongozi wetu alikataa. Hatimaye tangazo lilisema: "Makaa yale yale, siku nyingi zaidi. Muulize jirani aliyelijaribu."

Sentensi mbili zile ziligharimu juma zima la kazi. Katika juma hilo nilielewa kwamba uandishi wa aina hii una dhima ambayo tahakiki zangu za darasani hazikuwa nayo. Nikikosea katika insha, ninapoteza alama. Nikikosea katika tangazo la jiko linalouzwa kwa mkopo, mama yule ndiye anayelipa, mwezi baada ya mwezi, kwa neno nililolipamba mimi.

Wapo wahadhiri na wanafunzi wanaodai kuwa matangazo hukishusha Kiswahili hadhi. Hoja hiyo haina mashiko. Wauzaji wa leso walikwisha kutambua zamani kuwa neno ni sehemu ya bidhaa. Leso ina pindo, mji na jina. Mnunuzi anaweza kuzipenda rangi zake, lakini akaiacha dukani kwa kuwa jina lake halisemi analotaka kusema, au litamkosanisha na jirani. Muyaka bin Haji naye, pamoja na kutunga kuhusu vita na siasa za Mombasa katika karne ya kumi na tisa, aliyatungia pia mambo ya kila siku ya watu wa mji wake. Fasihi yetu haijapata kuona haya kukaa na watu. Kinachokishusha Kiswahili hadhi ni tangazo bovu na la uongo, nalo litazidi kuandikwa iwapo sisi tutajitenga.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, nami siwezi kuipuuza. Inasemwa kuwa kampuni ndogo huwatumia wanafunzi kwa jina la "kupata uzoefu." Ni kweli kuwa miezi yangu ya mwanzo nililipwa posho iliyotosha nauli na chakula cha mchana. Siku nilipopiga moyo konde nikadai zaidi, kiongozi wetu hakukasirika. Alinifungulia daftari la makadirio ya gharama. Palikuwa na fungu la picha, fungu la uchapishaji na fungu la usafiri. Fungu la Kiswahili halikuwapo. Wateja walituletea maelezo yaliyokwisha kuandikwa kwa Kiingereza, wakasema tuyageuze kabla ya jioni, kana kwamba Kiswahili ni chumvi ya kunyunyiza chakula kikiwa tayari mezani. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha saba, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Lakini Katiba haimwandikii mtu bajeti yake. Tangu siku ile tulitenga fungu la uandishi wa Kiswahili katika kila makadirio. Wako wateja waliolikata, na wako waliolilipa. Nami nikaanza kulipwa.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, idara zetu ziwapeleke wanafunzi wa Kiswahili uanagenzini katika kampuni ndogo za namna hii, si katika shule na vyombo vya habari pekee. Pili, chama chetu kiandae mwongozo wa malipo ya uandishi na tafsiri, ili mwanachama asikubali chochote anachopewa kwa kutojua thamani ya kazi yake. Tatu, tudai kuhusishwa tangu kikao cha kwanza. Siku hizi programu ya kompyuta hutafsiri ukurasa kwa nukta chache. Iwapo kazi yetu ni kugeuza maneno tu, tumekwisha kushindwa. Lakini programu ile haikuketi chini ya mwembe kuulizwa habari za debe la makaa.

Sidai kuwa kila mwanafasihi aende sokoni. Utafiti na ualimu ni nguzo zetu, nami bado natarajia kuwa mhadhiri siku moja. Ninachokataa ni dharau. Wahenga walisema mtembezi hula miguu yake, lakini wakasema pia kwamba kutembea kwingi ni kuona mengi. Miguu yangu imechoka kidogo, macho yamefaidika.

Mwenzangu yule akinipigia tena, nitamwambia hivi: ndiyo, nilisoma takriri miaka minne. "Makaa yale yale" ni takriri. Tofauti ni kwamba, kabla ya kuiandika, nililazimika kwanza kuhakikisha kuwa ni kweli.