Mfumo Endeshi Nao ni Suala la Lugha

Ndugu washairi na wapenzi wa Kiswahili, leo naomba niache vina na mizani nizungumzie kompyuta.

Kijana wa jirani yangu hapa Chunya anataka kujifunza kuandika programu. Fundi mmoja alimwambia kompyuta yake kuukuu haifai: anunue mpya yenye uwezo wa Windows 11, ama awekewe nakala ya wizi. Baba yake ni mchimbaji mdogo wa dhahabu, na fedha hiyo ndiyo ada ya mdogo wake. Nilimkataza yote mawili. Tukaweka Lubuntu, jamaa mwepesi wa Ubuntu, bila kulipa hata senti.

Sitetei urahisi wa bei peke yake. Kiini cha Linux, alichokianzisha Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, kiko wazi: yeyote aruhusiwa kukisoma, kukirekebisha na kukigawa. Hatumfundishi mtu utunzi kwa kumficha tungo za waliomtangulia. Kwa nini basi tumfundishe programu kwa mfumo uliofungwa?

Wapinzani watasema maofisini hutumika Windows. Ni kweli, na aliyeanza nayo hakupotea. Python na C huandikwa kote kuwili. Lakini seva nyingi za intaneti huendeshwa kwa Linux, na hata simu za Android zimejengwa juu ya kiini hicho hicho. Anayekijua hatakosa pa kukitumia.

Sasa nageukia letu sisi. Neno “ubuntu” la Kizulu na Kixhosa ni ndugu wa damu wa “utu” wetu. Hata hivyo, tulipoiwasha kompyuta ile, maneno mengi yalikuwa ya Kiingereza, na kijana akawa anauliza maana kila hatua. Niliona haya. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili. Wangapi kati yetu tuliitumia? Mimi sikuitumia. Microsoft nayo ilitoa kiolesura cha Kiswahili, lakini neno likikukera humo, huna ila kuomba mwenye mali alibadilishe. Katika programu huria unaruhusiwa kulisahihisha mwenyewe na kulirudisha kwa wote. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Tunabishana miaka nenda rudi kama tuseme kompyuta, tarakilishi au ngamizi, ilhali vitufe vyenyewe vinangoja majina. Mabishano hayo tuyahamishie kwenye kazi: tujiunge na wanaotafsiri programu huria, kila mmoja kwa maneno machache kwa juma. Nimekwisha kuanza, polepole, kwa macho haya ya mstaafu. Kijana hunionyesha neno lilipo kwenye skrini; mimi hutafuta Kiswahili chake. Mwenye hoja ya kunipinga aje nayo, ila asije mikono mitupu: alete na maneno.