Sindano ya kupunguza uzani si ya kugawana

Kina mama wa mitaa ya Eastlands hawaulizi tena habari za ndimu na maji moto. Kutoka Buruburu hadi Kayole, kwenye saluni na mikutano ya chama, kinachozungumzwa siku hizi ni sindano za kupunguza uzani. Ipi kali kuliko nyingine? Na je, wawili waweza kuchanga pesa wanunue kalamu moja ya dawa na kuitumia kwa zamu?

Swali hilo la pili lina hatari kubwa, kwa hivyo tuanze nalo. Jibu ni la. Hata mkibadilisha ncha ya sindano kila mara, damu kidogo yaweza kurudi ndani ya kalamu, na pamoja nayo virusi vya Ukimwi au vya homa ya ini. Kalamu ni ya mtu mmoja kama ulivyo mswaki. Onyo hilo limo katika ile karatasi ya ndani ya pakiti ambayo wengi wetu huitupa bila kuisoma.

Sasa tuzilinganishe. Liraglutaidi, iuzwayo kama Saxenda, hudungwa kila siku. Semaglutaidi hudungwa mara moja kwa wiki, na ndiyo iliyomo katika Ozempic na pia Wegovy. Ozempic iliidhinishwa Marekani mwaka 2017 kwa wagonjwa wa kisukari. Wegovy ikafuata mwaka 2021 kwa ajili ya unene, ikiwa na dozi kubwa zaidi. Anayekushauri utumie zote mbili anakudunga dawa ile ile mara mbili. Ya tatu ni tirzepataidi, au Mounjaro, nayo pia ya kila wiki. Zote huiga homoni za utumbo, zikapunguza njaa na kukawiza chakula tumboni.

Kwa nguvu, Mounjaro ndiyo inayoongoza. Utafiti wa watu 751 uliochapishwa mwaka 2025 ulionyesha kuwa baada ya wiki 72 waliotumia tirzepataidi walipoteza asilimia 20.2 ya uzani wao, na wa semaglutaidi asilimia 13.7. (Uligharamiwa na Eli Lilly, watengenezaji wa Mounjaro.) Kwa mtu wa kilo 100, hizo ni kilo 20 dhidi ya 14 hivi. Saxenda huachwa nyuma na zote mbili.

Lakini tazama tena hizo wiki 72. Semaglutaidi huanzwa kwa miligramu 0.25, na mwezi wa kwanza ni wa kuzoesha tumbo tu. Anayechukua mkopo wa chama anunue kalamu moja huenda akapata kichefuchefu na kuhara, asipungue lolote la maana. Na katika utafiti mmoja, walioacha semaglutaidi walirudisha thuluthi mbili ya uzani walioupoteza katika muda wa mwaka mmoja. Kwa maoni yangu, asiyeweza kuimudu kwa mwaka mzima asiianze.

Daktari ana sababu ya kukuuliza maswali mengi. Aliyewahi kuugua kongosho hana budi kusema. Vivyo hivyo yule ambaye jamaa yake aliugua saratani ya tezi ya shingo, kwani aina moja ya saratani hiyo huzuia kabisa matumizi ya dawa hizi. Anayepanga kupata mimba aache semaglutaidi miezi miwili kabla. Na jambo ambalo wengi hawaambiwi: Mounjaro yaweza kudhoofisha vidonge vya kupanga uzazi, hivyo atumiaye vidonge aongeze kinga nyingine, kama kondomu, kwa wiki 4 za mwanzo na kila dozi inapoongezwa.

Mwezi Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitahadharisha kuhusu Ozempic bandia zilizopatikana Brazil, Uingereza na Marekani. Nunua kwenye duka lenye leseni ya Bodi ya Dawa na Sumu. Iliyoletwa na boda boda ndani ya bahasha hujui ilikaa wapi. Kabla ya kuanza kutumiwa, kalamu hukaa kwenye friji, kati ya nyuzi 2 na 8. Ikishaanza kutumiwa, ile ya Ozempic yaweza kukaa nje wiki 6 mradi joto lisizidi nyuzi 30, basi stima ikipotea usiku mmoja usiwe na hofu nayo. Iliyoganda barafu itupwe, hata kama imeyeyuka na yaonekana safi.